Ahadi Hii ni ya Nani? Safari Yetu ya Mkongo, Rufiji

Wapendwa akina mama, mwezi huu tunawaomba mfuatane nasi hadi Mkongo, kijiji kilicho upande wa kaskazini wa mto Rufiji. Hatuwapeleki kutazama tembo, ingawa magari ya watalii hupita hapo yakielekea Mloka, kwenye lango la hifadhi. Sisi sita wa kikundi cha akina mama tulikwenda Mkongo kulipa deni, na tulikwenda tumechelewa.

Tuliondoka Mbagala Rangi Tatu kabla ya alfajiri, Jumamosi moja ya Agosti 2024, katika gari la kukodi lililojaa magunia ya mbegu: mahindi, kunde, na choroko kidogo. Barabara ya Kilwa wengi wetu tunaifahamu. Vikindu, Mkuranga, mikorosho pande zote mbili, na vijana wanaokimbilia dirishani na pakiti za korosho kabla gari halijasimama. Kibiti tulikunywa chai na maandazi. Mji huu zamani ulikuwa ndani ya wilaya ya Rufiji, nao sasa una wilaya yake. Anayekwenda Lindi hunyoosha kuelekea Ikwiriri na daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 likawapumzisha wasafiri adha ya kungojea kivuko cha Ndundu. Sisi tuliacha lami, tukashika kulia, tukaingia kwenye vumbi.

Vumbi la Rufiji, dada zetu, halibishi hodi. Huingia hata kwenye mkoba uliofungwa zipu. Mwenzetu mmoja aliyevaa gauni jeupe alifika Mkongo akiwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi, na tukamcheka mpaka akatucheka na yeye. Njiani tuliona akina mama wamekaa barazani wakisuka ukili, na mikeka ya rangi imetundikwa ukutani. Mwanamke wa Rufiji hujulikana kwa mkeka wake, na tuliowahi kupewa mmoja tunajua kwamba hudumu kuliko zulia la dukani.

Mkongo umekaa mahali pa juu. Ukisimama mwisho wa kijiji, pale penye miembe, bonde la mto linafunguka mbele yako likiwa pana na la kijani, na ng'ambo ya maji ndiko iliko Utete, makao makuu ya wilaya. Huko bondeni utaona vibanda vilivyosimama juu ya nguzo ndefu. Hayo ni madungu. Mkulima wa Rufiji hulala humo majira ya kilimo ili kulinda shamba na ndege, nguruwe na viboko, na mto ukijaa, maji hupita chini yake.

Kwa nini nyumba ziko juu na mashamba yako chini? Tulimwuliza bibi mmoja, jirani wa mwenyeji wetu. Yeye ni Mwislamu, kama walivyo watu wengi wa huku. Alisema zamani watu waliishi kule kule bondeni, karibu na mashamba yao. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na katika Operesheni Rufiji ya mwaka huo hadi 1969 serikali ikawahamishia watu sehemu za juu, katika vijiji vya ujamaa. Bibi alikuwa mtoto wa kutumwa maji wakati huo. "Tuliambiwa tutapata shule, zahanati na maji," alisema. "Shule ilikuja. Vingine tulivisubiri kidogo." Akacheka. "Wanangu, ahadi ni deni."

Neno hilo lilitupata penyewe.

Turudi nyuma kidogo. Mnakumbuka Aprili 2024, mvua za El Niño zilipokuwa zimenyesha kwa miezi. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua hizo na mafuriko. Rufiji na Kibiti ziliumia sana. Mpunga na mahindi vilizama vikiwa karibu kuvunwa. Watu walibishana kuhusu bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililoko juu ya mto na lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Wapo waliolaumu kufunguliwa kwa milango yake. Serikali ilijibu kwamba mto huu ulikuwa ukifurika tangu kabla ya bwawa. Mama aliyepoteza gunia zake zote, mabishano hayo hayampi unga.

Mwezi Mei kikundi chetu kilifika Mkongo kwa mara ya kwanza na nguo, unga, sabuni na vyandarua. Ndani ya kila furushi tuliweka kadi nzuri, yenye picha ya ua, na chini yake Yeremia 29:11, ule mstari ambao Mungu anawaambia watu wake kwamba anawawazia mema. Na wakati wa kuagana mmoja wetu alisimama, akasema kwa sauti mbele ya watu wote kwamba katikati ya Juni tutarudi na mbegu. Watu walipiga vigelegele.

Juni ina maana yake Rufiji. Maji yakipungua huacha tope jeusi lenye rutuba na unyevu, na humo mkulima hupanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua. Kilimo hicho huitwa mlau. Kwa hiyo kwa Mrufiji mafuriko ni msiba, na ni mbolea pia. Lakini tope halimngoji mtu. Likishakauka na kupasuka, umechelewa.

Nasi Juni hatukuja. Tuseme ukweli, kwa kuwa gazeti hili tunalisoma wenyewe kwa wenyewe. Fedha za mbegu ziliazimwa kwenye mfuko wa kikundi kwa ajili ya sherehe ya kumuaga bibi harusi, binti wa mwenzetu, tukitumaini kuzirudisha baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa mbili nyingine. Hakuna aliyeiba. Tulisahau tu, kama watu wanavyosahau wakiwa wameshiba.

Basi hiyo Agosti mwenyeji wetu alitupokea vizuri mno, jambo ambalo lilituumiza zaidi. Ni mama wa watoto wanne, miongoni mwa Wakristo wachache wa kijiji. Mumewe hulima na kuvua. Alitupa maji ya kunawa, akatandika mkeka, akaleta wali na kambale wa kukaanga, na hakuuliza neno mpaka tulipomaliza kula. Ndipo akaingia ndani, akatoka na Biblia yake, na katikati ya Biblia ilikuwamo ile kadi yenye ua.

"Dada zangu," alisema, "nimeisoma kadi hii kila siku tangu mliponipa. Halafu siku moja nikaitafuta sura yenyewe nikaisoma yote. Sasa nataka mnisaidie. Ahadi hii ni ya nani?"

Tukajibu haraka, kama watu waliozoea kufundisha: "Ni yako, mama. Ipokee tu kwa imani."

Akatikisa kichwa polepole. "Mbona mstari ulio juu yake unataja miaka sabini? Mimi nina miaka thelathini na minne. Nikiupokea huu, niupokee na ule wa sabini?"

Tulitazamana. Mwenyekiti wetu alianza kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Ndugu msomaji, fungua sura hiyo uone mwenyewe. Ni barua. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa utumwani kutoka Yerusalemu wakapelekwa Babeli. Manabii wengine walikuwa wakiwaambia kwamba mambo yatageuka upesi. Yeremia aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waozane, wauombee heri mji ule waliohamishiwa, maana kurudi kwao kutakuja baada ya miaka 70. Watu wazima wengi walioisikia barua ile ikisomwa walizikwa Babeli. Mema waliyowaziwa yaliwafikia wajukuu wao.

Mwenyeji wetu alikuwa ameyaona hayo bila msaada wetu. "Nikaona hawa ni watu waliohamishwa kama sisi wa huku," alisema. "Hawakuambiwa wakae chini wangoje. Waliambiwa walime. Basi nikachukua jembe nikashuka bondeni."

"Ukapanda nini, na sisi hatukuleta mbegu?" tuliuliza.

Akaonyesha kwa kidevu upande wa nyumba ya bibi. "Alinikopesha pishi moja ya kunde na kibaba cha mahindi."

Jioni alituteremsha bondeni kwa miguu. Njia ni nyembamba na nyasi ni ndefu, na mtu wa mjini hutazama chini kila hatua. Shamba lake si kubwa. Kunde zilikuwa zimetambaa, maboga yamejificha chini ya majani mapana, na mahindi, yale ya kibaba kimoja, yalikuwa yamebeba. Kando ya shamba lake kulikuwa na kipande kingine, cheupe, kimepasuka kama kisigino. Hakueleza na hatukuuliza. Kilikuwa kipande chetu.

Tulikaa kivulini chini ya dungu, na maneno mengi yalisemwa pale ambayo hatuwezi kuyaandika yote. Ila tuwape yale yaliyotusaidia.

Wengi wetu, akina mama, tumezoea kuzitumia ahadi za Biblia kama hundi isiyoandikwa jina. Kila mstari mzuri tunaandika jina letu na kwenda kudai. Kwenye mikesha tunasikia Kumbukumbu la Torati 28 ikitangazwa, kapu libarikiwe, ghala libarikiwe. Sura ile ina mistari 14 ya baraka na 54 ya laana, nayo ni maneno ya agano kati ya Mungu na taifa la Israeli lililokuwa likijiandaa kuingia nchi yake. Hatujawahi kumsikia mtu akidai mstari wa 15 na kuendelea. Paulo katika Wagalatia 3 anatufundisha kwamba laana ile Kristo aliichukua juu ya mti, na kwamba aliye wa Kristo amekuwa uzao wa Ibrahimu na mrithi. Njia yetu ya kufikia ahadi ni yeye. Katika 2 Wakorintho 1:20 anasema hivyo hivyo: ahadi za Mungu zimepata ndiyo yake kwa Kristo.

Na agano si ahadi ya kawaida. Wazee wetu wa Afrika Mashariki walikuwa na undugu wa kuchanjiana. Watu wawili walichanjwa, wakala damu ya mwenzake, na kila mmoja akajiapiza kwamba akimsaliti mwenzake na afe. Wote wawili walifungwa. Soma Mwanzo 15 ukiwa na picha hiyo. Wanyama wamepasuliwa, vipande vimepangwa pande mbili, na desturi ya zamani ilikuwa kwamba wanaoagana hupita katikati, kana kwamba wanasema, nikivunja, nifanywe hivi. Lakini Ibrahimu amelala usingizi mzito. Anayepita katikati, kwa moto na moshi, ni Mungu peke yake. Mwenzetu aliyeahidi mbegu mwezi Mei alisikiliza hayo, akageuza uso kuelekea mtoni. Sisi tulipita katikati ya vigelegele tukasahau. Yeye alipita gizani, shahidi wake akiwa amelala, na hakusahau.

Agano jipya ndilo tunaloingia tunapokipokea kikombe Jumapili, kama alivyosema Bwana usiku wa mwisho katika Luka 22. Yaliyomo ndani yake yameandikwa wazi katika Yeremia 31 na kurudiwa katika Waebrania 8: sheria yake mioyoni, kumjua yeye tangu mdogo hata mkubwa, yeye kuwa Mungu wetu na sisi kuwa watu wake, na dhambi zetu zisikumbukwe tena. Hayo yametolewa kwako, mama, na jina lako limo. Mpunga wa mwaka huu haumo. Cheo cha mumeo hakimo, wala mtoto kupasi darasa la saba. Hayo tunayaomba, kwa kuwa tuna Baba, lakini hatuyadai kama kwamba ametia sahihi. Tunajua maneno haya yatawaudhi baadhi ya wapendwa. Lakini tumewaona akina mama walioambiwa kwamba mtoto atapona kama wataamini vya kutosha, na mtoto akafa, na sasa wanabeba misiba miwili, wa mtoto na wa imani waliyoambiwa ilikuwa ndogo.

Mto huu una kisa chake kuhusu ahadi. Upande wa kusini, Ngarambe, Kinjeketile Ngwale aliwapa watu dawa ya maji, wakiamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na vita ya Majimaji ikaendelea hadi 1907. Kwa makisio ya chini walikufa watu 75,000, wengi kwa njaa. Hatuwacheki wazee wetu. Walikuwa wakidhulumiwa, nao walihitaji kitu cha kushika. Lakini tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na hao walikuwa Wakristo wenye Biblia mkononi. Tusiseme mambo hayo yalikwisha na ujinga wa zamani.

"Na upinde wa mvua?" aliuliza mdogo wetu, aliyekuja na maandalizi ya kufundisha watoto Jumapili ile somo la Nuhu. Alikuwa ameogopa kulifundisha mahali palipofurika, na tulimwelewa. Mwenyeji wetu ndiye aliyemjibu. Alisema wakati wa mafuriko mwanawe wa pili alimwambia Mungu amesahau. Akamsomesha Mwanzo 9. Agano lile Mungu alilifunga na Nuhu, na wazao wake, na kila kiumbe hai kilichotoka katika safina. "Nikamwambia, mwanangu, humo yumo bibi jirani, na yumo hata kiboko anayetulia mahindi yetu. Mungu hakusema mto hautajaa. Alisema maji hayatawamaliza wote wenye mwili. Na hapo mbele kidogo, katika sura ya 8, alisema kupanda na kuvuna hakutakoma. Tazama, maji yameondoka, twende tukapande."

Mtoto alikubali? tuliuliza. "Alitaka kujua kama kiboko naye anajua," alisema, na tukacheka wote.

Hatutaki mdhani mama huyu hana huzuni. Binti yake mkubwa ameacha shule akapelekwa kwa shangazi Mbagala, kwa kuwa chakula hakikutosha wote, na alipolitaja jambo hilo alinyamaza, akachuma majani ya kunde asiyokuwa na haja nayo. Mmoja wetu akamsomea Waebrania 11, kuhusu wale waliokufa kabla ya kupokea waliyoahidiwa, wakiwa wameyaona kwa mbali tu. Alisikiliza. Akasema, "Sara alipata mtoto mmoja tu, na aliahidiwa mataifa." Halafu akaomba tumtafute yule binti tukirudi Dar, tuone anavyoishi. Tumemtafuta. Yuko shule, na kila Jumamosi huja nyumbani kwa katibu wetu kusoma.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya ibada na somo la Nuhu, tulikabidhi mbegu. Hatukutoa hotuba. Mwenyekiti alisema tu kwamba tuliahidi Juni, tumekuja Agosti, tumekosa, mtusamehe. Pakawa kimya. Mzee mmoja akasema, "Mmekuja lakini." Mwenyeji wetu alipima pishi moja ya kunde na kibaba cha mahindi, akavuka ua kumpelekea bibi kabla ya kugusa nyingine. Zilizobaki alizichanganya na jivu, akazifunga kwa ajili ya mvua zijazo.

Bibi alikuja kutuaga garini, tukamwamkia shikamoo, akaitikia. Akatuuliza tutarudi lini. Tukajibu kama tulivyozoea, Mungu akipenda tutarudi tu, bibi.

"Mungu anapenda," alisema. "Ninyi semeni tarehe."

Tukatazamana, tukahesabu fedha za mfuko kwa vidole palepale mlangoni mwa gari, tukamtajia Jumamosi ya pili ya Desemba. Akamwita mjukuu wake. Kijana akaokota mkaa jikoni, akaiandika tarehe ukutani, kando ya mlango, kwa herufi kubwa.